Pesa ya Chakula Safarini: SMS ya Malipo Inatosha Lini, na Haitoshi Lini?

Ukiwa na biashara inayotuma watu nje ya ofisi, unajua vile mambo huenda. Dereva amefika Mtito Andei saa nane mchana, anapiga simu: "Bosi, tumesimama kidogo tule." Unatoa simu, unatuma Sh1,000, safari inaendelea. Hapo hakuna shida. Shida huja mwaka ukiisha, mhasibu anapouliza ile Sh180,000 iliyoenda kwa chakula cha safari ina karatasi gani, nawe huna kingine cha kumwonyesha ila orodha ndefu ya SMS.

Kwa kampuni inayolipa ushuru wa mapato wa asilimia 30, gharama ya Sh180,000 ikikataliwa ni Sh54,000 zaidi ya ushuru. Hiyo ni pesa ya mafuta, au mshahara wa mtu. Na pesa zenyewe ulizitumia kweli, tena kwa kazi.

Wateja wetu hutuuliza: "Si SMS inaonyesha nimelipa?" Ndiyo, inaonyesha umelipa. Lakini KRA inataka kujua ulilipia nini, nani aliuza, na safari ilikuwa ya kazi gani. Wakati mwingine SMS na taarifa ya akaunti yako hujibu sehemu kubwa ya maswali hayo. Wakati mwingine hazijibu hata moja. Tofauti inatokana na jambo ambalo unafaa kuliamua kabla hujabonyeza "tuma": hiyo Sh1,000 ni marupurupu ya mfanyakazi, ni malipo kwa hoteli, au ni pesa ya kampuni ambayo mfanyakazi anaishika tu?

Kwa ufupi

- Chakula cha mfanyakazi aliye kwenye safari ya kazi ni gharama inayokubalika kisheria.
- Marupurupu ya safari hadi Sh10,000 kwa siku hayakatwi PAYE, tangu Julai 1, 2025.
- Ukilipa hoteli au mgahawa, unahitaji ankara ya eTIMS yenye PIN ya biashara yako. SMS pekee haitoshi.
- Pesa ya lunch ya kila siku kwa mtu aliye kituo chake cha kawaida si ya safari. Huo ni mshahara, na unakatwa PAYE.

Kwanza, jua uko kwenye ushuru gani

Kabla ya kuanza kukusanya risiti, jiulize biashara yako inalipa ushuru wa aina gani. Kama uko kwenye ushuru wa mauzo, ule wa asilimia 3 kwa biashara zenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka, ushuru wako unahesabiwa kwa mauzo yote. Gharama haziondolewi, iwe ni chakula, mafuta au kodi ya nyumba. Risiti za hoteli hazitapunguza kiasi hicho.

Hata hivyo, usiache kusoma. Kama una wafanyakazi walioajiriwa, sehemu ya PAYE hapa chini bado inakuhusu.

Kama unalipa ushuru kwa faida, yaani mapato ukitoa gharama, basi kila kitu kwenye makala haya ni chako.

Sheria inasemaje kuhusu chakula?

Kanuni kuu ya Sheria ya Ushuru wa Mapato ni rahisi: gharama inaondolewa kwenye mapato ikiwa ilitumika yote, na kwa ajili hiyo tu, katika kutafuta mapato hayo. Kula ni jambo ambalo kila mtu angelifanya hata kama hana kazi, na ndiyo maana sheria inakiangalia chakula kwa jicho kali.

Kifungu cha 16 kinataja gharama za hoteli, mikahawa na upishi miongoni mwa matumizi ya kibinafsi ambayo hayaruhusiwi. Lakini kifungu hichohicho kinaacha mlango wazi: gharama hizo zinakubalika ikiwa ni za safari za kibiashara, za kozi za mafunzo, au za makongamano na mikutano inayohusiana na kazi.

Kwa hivyo chakula cha fundi wako aliyeenda Lodwar kufunga paneli za sola kinapita mlango huo. Chakula cha jioni ulichomnunulia rafiki yako wa chuo hakipiti, hata kama mlizungumza biashara dakika tano. Na kama fundi alisafiri na mkewe, sahani ya mkewe ni gharama ya kibinafsi. Hiyo iondoe kwenye hesabu za biashara.

Baada ya mlango huo kuna wa pili, nao ni ankara. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kupunguza ushuru wa mapato, isipokuwa kwa malipo machache ambayo sheria imeyaachilia. Mishahara na malipo mengine ya ajira ni mojawapo ya hayo yaliyoachiliwa. Shikilia hilo, kwa sababu ndilo linalotofautisha njia tatu zifuatazo.

Njia ya kwanza: marupurupu ya safari

Hii ndiyo ile wengi wetu huita "per diem". Unampa mfanyakazi kiasi fulani kwa kila siku aliyo nje ya kituo chake, naye anajipangia atakula nini. Akila chapati madondo na abaki na chenji, ni yake. Akiagiza nyama choma nusu kilo, ni juu yake.

Kwa miaka mingi, kiasi kisichokatwa PAYE kilikuwa Sh2,000 kwa siku. Kiasi hicho hakikuwa kinatosha chakula na malazi katika miji mingi, na kilichozidi kilihesabiwa kama mshahara kama hakikuwa na risiti. Sheria ya Fedha ya 2025 ilikipandisha hadi Sh10,000 kwa siku kuanzia Julai 1, 2025.

Sheria inachukulia kwamba hizo Sh10,000 za kwanza ni kurudishiwa pesa alizotumia kazini, kwa hivyo mfanyakazi hadaiwi ushuru juu yake. Ukimpa Sh12,000 kwa siku, zile Sh2,000 za juu zinaingia kwenye hesabu ya PAYE, ila tu kama kuna risiti za kuonyesha kwamba nazo zilitumika kwa kazi.

Kuna masharti mawili ya kuangalia sana. Kwanza, lazima mfanyakazi awe nje ya mahali pake pa kawaida pa kazi. Pili, lazima awe kwenye shughuli rasmi ya mwajiri. Kumwongezea mtu Sh20,000 kila mwezi na kuiita "marupurupu ya safari", awe amesafiri au hajasafiri, hakubadilishi chochote. Huo ni mshahara wenye jina lingine.

Hapa ndipo malipo ya simu yanakufaa zaidi. Kwa sababu unamlipa mfanyakazi wako na si hoteli, kinachotakiwa ni kuonyesha kwamba safari ilikuwepo na pesa zilimfikia. Weka pamoja fomu ya safari iliyoidhinishwa, viwango vya marupurupu vya kampuni yako vilivyoandikwa, na taarifa ya malipo yenye jina, tarehe, kiasi na namba ya muamala. Ukilipa watu wengi kwa mpigo, andika safari kwenye sehemu ya maelezo, kwa mfano "Lodwar siku 5". Miezi minane baadaye utajishukuru.

Njia ya pili: kulipa hoteli moja kwa moja

Hapa kampuni inalipa bili yenyewe, kwa till au paybill, na mfanyakazi anakula na kuondoka. Ni njia nzuri kwa makundi na kwa safari ndefu, lakini sasa uko kwenye ununuzi wa kawaida. Unahitaji ankara ya eTIMS.

SMS ya malipo ina namba ya muamala, kiasi, saa na jina la aliyepokea. Ankara ya eTIMS ina PIN ya muuzaji, PIN ya mnunuzi, maelezo ya kilichouzwa, VAT kama ipo, namba ya ankara na msimbo wa QR. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na kimoja hakiwezi kufanya kazi ya kingine. Ukiwa na ankara bila malipo, una deni. Ukiwa na malipo bila ankara, una matumizi ambayo huwezi kuyaweka kwenye hesabu ya ushuru. Weka vyote viwili.

Kitu kinachosahaulika zaidi ni PIN ya mnunuzi. Mfanyakazi anafaa kuitaja kabla hoteli haijatoa ankara. Kama hakuitaja, ankara itatoka bila jina la biashara yako, na haitakusaidia kudai gharama. Mtumie PIN ya kampuni kwa ujumbe aihifadhi kwenye simu, asilazimike kuikumbuka akiwa na njaa.

Kama umesajiliwa kwa VAT, kuna faida nyingine hapa. Kwa kawaida VAT ya mikahawa, malazi na burudani hairuhusiwi kurudishwa kama VAT ya manunuzi. Lakini kifungu cha 17 cha Sheria ya VAT kinaruhusu pale anayehudumiwa yuko mbali na nyumbani kwa shughuli za biashara yake au za mwajiri wake. Safari ya kazi inaingia hapo. Idai ndani ya miezi sita, usiiache ilale.

Njia ya tatu: masurufu

Masurufu ni pesa ya kampuni ambayo mfanyakazi anaishika, anaitumia kwa niaba yenu, kisha anatoa hesabu. Unamtumia Sh5,000, anarudi na ankara za Sh4,300 na salio la Sh700.

Ile Sh1,000 ya dereva wa Mtito Andei mara nyingi huangukia hapa bila mtu yeyote kukusudia. Haikuandikwa kama marupurupu, haikulipwa hotelini na kampuni, na risiti haikurudi. Ikibaki hivyo, ni vigumu kuitetea upande wowote. Kampuni haina ankara ya kudai gharama, na KRA inaweza kuuliza kwa nini isihesabiwe kama malipo kwa mfanyakazi.

Ukitumia masurufu, weka siku ya mwisho ya kutoa hesabu, tuseme siku tano baada ya kurudi. Ankara ziwe na PIN ya kampuni, na salio lirudi kwenye akaunti ya biashara kwa simu ili liache alama.

Tupige hesabu: mafundi watatu, siku tano

Tuseme kampuni yako iko Nairobi, imesajiliwa kwa VAT, na inatuma mafundi watatu Lodwar kwa siku tano. Hizo ni siku 15 za kulisha mtu mmoja.

*Ukiwapa marupurupu ya Sh3,000 kwa siku:* 15 × Sh3,000 = Sh45,000. Kila fundi yuko chini ya Sh10,000 kwa siku, kwa hivyo hakuna PAYE. Kampuni inaondoa Sh45,000 kwenye mapato, na ushuru wake unapungua kwa Sh13,500. Kabla ya Julai 2025, Sh1,000 ya kila siku ingezidi kiwango. Hiyo ni Sh15,000 kwa jumla, na kwa mafundi walio kwenye kiwango cha asilimia 30, PAYE ya wote watatu ingekuwa Sh4,500 kama hakuna risiti.

*Ukilipa hoteli chakula cha Sh1,160 kwa siku kwa kila mtu:* 15 × Sh1,160 = Sh17,400. Ndani yake kuna bei ya Sh15,000 na VAT ya asilimia 16, ambayo ni Sh2,400. Ukiwa na ankara sahihi, unadai VAT ya Sh2,400, na ile Sh15,000 inapunguza ushuru wa mapato kwa Sh4,500. Jumla ni Sh6,900.

*Ukilipa hoteli hiyohiyo na ubaki na SMS pekee:* umetumia Sh17,400 zilezile, mafundi wameshiba vilevile, lakini ile Sh6,900 imepotea kwa sababu ya karatasi moja.

Angalizo: ukilipa hoteli chakula chote, usiongeze tena marupurupu kamili ya chakula kwa siku hizohizo. Utakuwa umelipia sahani moja mara mbili, na hilo ni swali ambalo mkaguzi hawezi kulipita. Unaweza kuwapa kiasi kidogo cha vitu ambavyo hoteli haikulipiwa.

Na kama chakula kiko kibandani?

Ukweli ni kwamba madereva wengi hawali kwenye hoteli zenye mashine. Wanakula kibandani, na mama mwenye kibanda hana habari na eTIMS.

Una njia tatu za kutoka hapo. Ya kwanza na rahisi zaidi ni kutumia marupurupu ya safari badala ya masurufu. Mfanyakazi atakula anapotaka, na hutakimbizana na ankara ya Sh150.

Ya pili, muuzaji mdogo anaweza kutoa ankara kwa simu ya kawaida kupitia *222#. Hahitaji kompyuta wala mashine, na hahitaji kuwa amesajiliwa kwa VAT. Anahitaji PIN tu.

Ya tatu ni kwa wale mnaonunua kwa muuzaji mmoja mara kwa mara, kwa mfano mama anayewapikia mafundi wiki nzima kwenye mjengo wa Kitui. Tangu Desemba 2024, sheria inaruhusu mnunuzi atoe ankara mwenyewe kwa niaba ya muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi Sh5 milioni kwa mwaka. Zungumzeni mapema, umweleze unachofanya, kisha ankara itoke kwa jina lake.

Chakula cha ofisini ni kitu kingine

Watu wengi huchanganya hapa. Chakula unachowapa wafanyakazi wakiwa kituo chao cha kawaida kina kanuni yake. Kikitolewa kwenye kantini yako, au na mpishi wa nje ambaye ni mlipa ushuru aliyesajiliwa, thamani ya hadi Sh60,000 kwa mwaka kwa kila mfanyakazi haikatwi PAYE. Hiyo ni Sh5,000 kwa mwezi. Kiwango cha awali kilikuwa Sh48,000 kwa mwaka, na kilipanda tangu Desemba 27, 2024.

Lakini ukimtumia mtu pesa taslimu ya lunch kwa simu kila siku akiwa ofisini, kiwango hicho hakimfai. Sheria inataja chakula kinachoandaliwa. Pesa ya lunch ni marupurupu ya kawaida, na inakatwa PAYE kuanzia shilingi ya kwanza.

Maswali tunayoulizwa sana

*Mimi ndiye mwenye biashara na sina kampuni. Naweza kujilipa Sh10,000 kwa siku?*
Hapana. Kiwango hicho ni cha mfanyakazi aliyeajiriwa, na wewe hujajiajiri kisheria. Chakula chako cha safari ya biashara unakidai kwa ankara za eTIMS zenye PIN yako.

*Na fundi wa kandarasi, ambaye hayuko kwenye hesabu ya mishahara?*
Huyo si mfanyakazi wako, ni muuzaji wa huduma. Pesa ya chakula iingie kwenye ankara yake pamoja na kazi aliyofanya.

*Niweke nyaraka kwa muda gani?*
Miaka mitano. SMS hupotea simu ikipotea, kwa hivyo pakua taarifa ya akaunti ya biashara kila mwisho wa mwezi na uihifadhi pamoja na fomu za safari.

*KRA itajuaje?*
KRA imetangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2026, mapato na gharama unazojaza kwenye ritani zinalinganishwa na data ya eTIMS. Gharama isiyo na ankara itaonekana wakati unapojaza, bila kusubiri mkaguzi aje mlangoni.

Kabla ya safari inayofuata

1. Andika viwango vya marupurupu vya kampuni, hata kama ni ukurasa mmoja. Taja kituo cha kawaida cha kila mfanyakazi.
2. Jaza fomu ya safari: nani, wapi, siku ngapi, kazi gani. Mwenye mamlaka atie sahihi.
3. Amua njia moja ya chakula: marupurupu, hoteli au masurufu.
4. Tuma pesa kutoka akaunti ya biashara, si kutoka laini yako binafsi, na uandike sababu kwenye maelezo.
5. Kama ni hoteli au masurufu, mtumie mfanyakazi PIN ya kampuni kabla hajaondoka.
6. Ankara ikija, changanua msimbo wa QR papo hapo kuhakikisha iko kwenye mfumo wa KRA.
7. Marupurupu yakizidi Sh10,000 kwa siku bila risiti, peleka ziada kwenye hesabu ya mishahara ya mwezi huo. PAYE hulipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Hakuna hata moja kati ya hizi inayochukua zaidi ya dakika chache ikifanywa mapema. Zikiachwa hadi Juni, wakati kila mtu anajaza ritani, zinageuka kuwa kazi ya wiki nzima ya kutafuta hoteli iliyoko wapi na nani alikula nini.

Kama safari zako zina mambo ya kipekee, kwa mfano wafanyakazi wanaovuka mpaka au kambi za miezi kadhaa, kaa chini na mhasibu wako kabla ya kuweka viwango. Kwa wengine wote, anza na safari ya wiki hii: chagua njia moja, andika sababu, kisha utume pesa.